UZI: Dizeli ya Texas haivumilii baridi ya Minnesota. Yaliyonikuta I-35, na jinsi ninavyoitunza injini ya lori sasa

MtuWaTunduma

Wakuu, habari za jamvini.

Kila mwaka ikifika Novemba napigiwa simu zilezile na vijana wetu waliopata leseni za malori huku Marekani. "Kaka, gari limezimika barabarani, starta inapiga vizuri ila haliwaki." Wengi wametoka Dar, Mombasa, Lubumbashi. Wanajua injini kuchemka, wanajua gasketi kuungua, wanajua kupanda Kitonga na mzigo. Dizeli kuganda hawajawahi kuiona na hakuna aliyewaambia. Mimi pia nilipiga Dar–Tunduma miaka tisa kabla ya kuja huku na sikuwahi kuiona. Kwa hiyo nashusha uzi. Mwenye swali aulize, mwenye zaidi aongeze.

Nianze na lililonikuta. Ilikuwa Januari, msimu wangu wa kwanza. Nilipakia Laredo, mpakani na Mexico, jua linawaka, nimevaa fulana. Dizeli ya Texas huwa nafuu kuliko ya kaskazini, nikajaza matenki yote mawili mpaka shingoni. Barabara ni moja tu, I-35, inaanzia hapo Laredo inaishia Duluth, Minnesota, kilomita 2,500 na ushee. Sasa piga hesabu: matenki mawili ya galoni 120, jumla lita 900 hivi. Lori lenye mzigo linakwenda kama kilomita 2.7 kwa lita. Yaani mafuta ya jua la Laredo yalitosha kunifikisha karibu na mwisho wa barabara bila kugusa pampu nyingine. Niliona nimeokoa hela.

Nililala kaskazini mwa Iowa, injini inaunguruma usiku kucha. Alfajiri ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Nikaondoka vizuri tu. Dakika kama ishirini hivi gari likaanza kukosa nguvu: nakanyaga mafuta mpaka chini, spidi inashuka, 100, 80, 50, halafu kimya. Nikawahi kulitoa pembeni.

Nilipofungua filta ndipo nilipoelewa. Mnayajua mafuta ya nazi ya kupaka yanavyokuwa Njombe mwezi wa saba, unageuza chupa juu chini na hayatoki? Hivyo hivyo. Karatasi ya filta ilikuwa imepakwa kitu cheupe kinachoelekea njano, nikikibonyeza kwa kidole kinabaki na alama ya kidole. Nilikaa pale muda wa saa sita nikisubiri fundi wa barabarani, kebini inapoa, na vidole vya mguu sikuvisikia mpaka jioni.

Sasa tuelewane kitu kimoja. Dizeli ina nta ndani yake, ya asili kabisa, haikuchakachuliwa. Ukiwa na joto nta imeyeyuka huioni. Baridi ikishuka, nta inaanza kujitenga na mafuta yanakuwa na ukungu. Dizeli ya kawaida, wanayoiita namba 2, inaweza kuanza ukungu kwenye hasi 10 au hata kabla, inategemea imesafishwa wapi na kwa msimu gani. Tenki lenyewe si lazima ligande, na huko ndiko watu wanakopotea. Wanachungulia tenki, wanaona mafuta yanacheza, wanasema si kuganda. Chembe za nta zinakamatwa na filta muda mrefu kabla tenki halijawa jiwe. Na ndiyo maana langu liliunguruma usiku kucha bila shida: injini ikiwa haina kazi inaomba mafuta kidogo, filta iliyoziba nusu inatosha. Ukiingia barabarani na tani zako, inaomba mengi, hayapiti.

Dizeli namba 1 nta yake ni kidogo sana, inafika karibu hasi 40 bado inapita. Vituo vya kaskazini wakati wa baridi vinauza mchanganyiko wa namba 1 na namba 2. Kwa hiyo kanuni yangu siku hizi: mafuta ya safari ya baridi nanunua kwenye baridi. Kutoka Texas natoka na robo tenki au nusu, najaza Kansas City, najaza tena Des Moines, Iowa. Senti chache kwa galoni hazifiki hata nusu ya bili ya yule fundi wa barabarani.

Na dawa ya kuzuia kuganda inatiwa KABLA. Mafuta yakiwa bado na uvuguvugu, unatia dawa kwanza kisha unajaza juu yake ili yachanganyike. Kazi ya dawa hii ni kuzibana chembe za nta zisikue na kushikana. Zikishakua na kushikana, haiziyeyushi. Nta ikishatoka unahitaji dawa ya aina nyingine kabisa, ile ya dharura ya kuyeyusha, pamoja na filta mpya. Kwenye maduka ya barabarani zinakaa rafu moja, soma lebo. Nimekuta kijana amemimina chupa tatu za dawa ya kuzuia kwenye tenki lililoganda, anashangaa.

NjombeMjini

Mkuu umenigusa. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi umande unaganda juu ya majani, viazi vinaungua. Fuso yangu haiwaki mpaka saa tatu jua litoke, au tuisukume mteremkoni. Nami dizeli inaniganda?

FundiPampu_Mbeya

Ndugu yangu wa Njombe, usianze kununua dawa. Chukua dizeli yako ileile, weka kwenye chupa nyeupe ya maji, iache nje usiku kucha kando ya gari. Asubuhi itazame kwenye mwanga. Kama ni angavu, unaona kidole chako upande wa pili, dizeli haina kosa, tatizo liko kwenye gari.

Halafu kabla ya kupiga starta, pampu kwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Likiwaka hapo, basi kuna mahali linavuta hewa, na usiku mafuta yanarudi tenkini: washa (ringi) ya shaba, mpira uliopasuka, kifuniko cha filta. Fuso nyingi ninazoletewa kwa "ugonjwa wa baridi" ni hili. Likikataa bado, pima plagi za kupasha moto moja moja, maana mbili zikifa unaziona asubuhi tu, mchana gari halisemi. Baada ya hapo betri. Kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) ya mwisho, na hiyo ukiniletea moshi mweupe unaochoma macho dakika kumi nzima nitaitafuta ya kwanza.

Na tafadhali, oili. Mtu anaweka oili nzito, 20W-50, kwa sababu injini imechoka inakula oili, halafu analala Makambako mwezi wa saba. Starta inageuza uji.

MtuWaTunduma

Fundi, shikamoo. Hilo la chupa ya maji nalichukua, linafaa hata huku.

Kwenye oili niongeze, kwa sababu ile herufi W wengi tunaipita tu. Ni ya baridi, na namba iliyo mbele yake ina kipimo chake: 20W inapimwa uwezo wa kugeuzika starta inapopiga kwenye hasi 15, 15W hasi 20, 10W hasi 25, 5W hasi 30, 0W hasi 35. Lori langu lilikuja na 15W-40, nzuri kabisa kwa Texas. Kwa hasi 30 ya Fargo, North Dakota, unailazimisha pampu ya oili kunyonya lami, na kwa sekunde kadhaa beringi na turbo hazina kitu. Nahamia 5W-40 ya sintetiki kuanzia Oktoba. Ila soma kitabu cha injini yako kwanza, zipo zinazotaka 10W-30 tu.

Mwanza_Dizeli

Swali langu: nasikia huko wanachanganya dizeli na mafuta ya taa ili isigande. Si ndiko kuchakachua kwenyewe ambako huku serikali inaweka vinasaba (alama za siri) kwenye mafuta ili kukukamata?

FundiPampu_Mbeya

Swali zuri. Dizeli namba 1 na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja, hilo kweli. Ila uchakachuaji wa kwetu ulikuwa wa kodi: mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, mtu anatia kwenye dizeli anakula tofauti. Ndiyo maana mwaka 2011 serikali ikapandisha sana kodi ya mafuta ya taa.

Kwa injini hasara ni ileile aliyetia awe mwizi au asiwe mwizi. Pampu na nozeli hazina oili yao, zinalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu. Pampu ya zamani itavumilia miaka, hizi za kisasa za komonireli, zenye presha kubwa, zinakwaruzika, na unga wa chuma unashuka mpaka kwenye nozeli. Nikifungua pampu nikakuta unga unaong'aa kama glita, namwambia mwenye gari akae kwanza ndipo nimtajie bei.

MtuWaTunduma

Fundi amemaliza. Huku ile namba 1 ya kituoni imeshawekewa kilainishi na salfa yake haizidi sehemu 15 kwa milioni, ndiyo inayotakiwa na chujio la moshi. Mafuta ya taa yaliyotiwa rangi nyekundu hayana kodi ya barabara, ukikutwa nayo tenkini una kesi. Na petroli msitie kabisa, hata kikombe, hata kama mzee wa shamba anakwambia walitia zamani. Inashusha joto la kuwaka la mafuta yote yaliyomo tenkini, ni bomu.

Mjue pia namba 1 haina nguvu kama namba 2. Lita zitaongezeka kidogo, na lori litakuwa zito kidogo mlimani. Msidhani limeharibika.

MwanaLushi_Iowa

Asanti sana yaya (kaka). Mi niko Des Moines, tuko bandugu wengi wa Kongo huku, na kamyo (lori) ndiyo kazi yetu. Dizeli kwetu tunasema mazutu. Mwaka jana betri zilinitesa kuliko mazutu. Ninunue mpya kila mwaka? Na televisheni inasema hasi 40, simu inasema hasi 26. Nifuate gani?

MtuWaTunduma

Ndugu wa Lushi (Lubumbashi), karibu sana. Tuanze na la televisheni. Hiyo hasi 40 ni jinsi ngozi yako inavyohisi upepo. Chuma hakihisi. Injini na mafuta haviwezi kuwa baridi kuliko hewa yenyewe, kwa hiyo kwa dawa na oili fuata hasi 26. Kazi ya upepo ni kuipoza injini haraka: bila upepo ingekaa na joto saa nyingi, kwenye upepo linaisha upesi. Mimi nikiegesha naelekeza mgongo wa trela kwenye upepo.

Betri sasa. Waliozoea Scania na Actros za nyumbani wanajua volti 24. Hizi za huku ni volti 12, betri tatu au nne zimeunganishwa sambamba. Moja ikifa inawanyonya wenzake usiku kucha, na asubuhi unadhani zote zimekufa. Mwezi wa kumi nazitenganisha napima moja moja. Ile namba kubwa ya CCA (nguvu ya kupiga starta kwenye baridi) iliyoandikwa juu imepimwa kwenye hasi 18, kwa hiyo ndiyo ya kulinganisha ukinunua, siyo rangi. Safisha vichwa vya betri kwa brashi mpaka ving'ae. Nusu ya "betri mbovu" nilizoitiwa zilikuwa waya wenye kutu ya kijani.

Na hili lishike, lina hatari: betri iliyojaa haigandi hata hasi 50, lakini iliyokwisha kabisa inaganda kwenye hasi 7 tu. Ukikuta betri imevimba ubavuni au unasikia barafu ndani, usiibusti. Inaweza kulipuka usoni. Ipeleke ndani iyeyuke kwanza, kisha itazame kama ina ufa.

DadaTrela_ND

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, naendesha North Dakota mwaka wa sita. Naomba niseme kuhusu maji ya urea ya kusafisha moshi, yale AdBlue, maana huyu mgeni wa Iowa atakutana nayo. Yanaganda kwenye hasi 11. Usiogope. Gari litawaka na kwenda, na maji ya moto ya injini yanapita kwenye tenki la urea yanaliyeyusha ukiwa njiani. Kosa ni kulijaza mpaka juu kisha uende nyumbani wikendi mbili. Yakiganda yanatanuka karibu asilimia 7, na nimeona tenki lililopasuka kwenye mshono.

Kingine, ndugu zangu, hii tabia ya kuacha injini inaunguruma usiku mzima. Najua baridi. Najua hofu ya kwamba ukizima haitawaka. Lakini dizeli isiyo na mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua yanateremka kando ya pistoni yanaingia kwenye oili, na masizi yanajaza chujio la moshi. Tena inakunywa karibu lita 3 kwa saa. Mimi nilifunga hita ndogo ya dizeli ya kebini, ile inayokaa chini ya kitanda, haifiki lita 0.3 kwa saa. Nalala kwa joto, injini imezimwa.

Asubuhi injini naiandaa kwa hita ya bloku. Ile plagi inayoning'inia mbele chini ya bampa ambayo wageni wanadhani ni waya umekatika! Ni ya umeme wa nyumbani, inapasha maji ndani ya bloku. Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, niliiwekea taima. Nikiwasha, geji ya oili inapanda papo hapo na hita inatoa joto kabla sijafika barabara kuu. Mahali pasipo na umeme, nikilazimika kuiacha inaunguruma, napandisha mizunguko iwe kama 1,000 kwa dakika, na nafunga pazia la shoo, mbele ya rejeta, kuzuia upepo.

MtuWaTunduma

Dada, hapo umenena. Januari 2019 ile baridi kuu ilipoingia, Minneapolis ilifika hasi 33, na kijiji cha Cotton huko kaskazini hasi 49. Yadi niliyokuwepo malori yaliyochomekwa umeme yaliwaka yote. Yale mengine tulikuwa tunayaburuta moja moja mpaka karakana.

Na kwa kuwa umegusa maji ya injini: ndugu waliozoea kujaza rejeta kwa maji ya bomba, huku ni kupasua bloku. Lakini msiende upande wa pili mkatia kulanti tupu. Glaikoli, ndiyo kulanti yenyewe, isiyo na maji inaganda kwenye hasi 13 hivi! Nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa inakulinda hadi hasi 37. Kipimo cha kuangalia kwa jicho, tone moja tu juu ya kioo, ni bei ya chakula cha mchana.

KijanaWaTanga

Kaka mimi kuna fundi alinipulizia etha kwenye kichujio cha hewa, gari likawaka lakini kwa kishindo, na tangu siku hiyo silinda ya nne inagonga. Ni bahati mbaya tu?

FundiPampu_Mbeya

Mdogo wangu, pole. Si bahati mbaya. Injini yako ina hita ya hewa au plagi za moto? Etha ikikutana na kitu chekundu inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni inarudishwa nyuma kwa nguvu. Inavunja pete, inapinda fimbo. Yeyote anayekuja na kopo lile mkononi mwambie aliweke chini kwanza, afungue filta, apime betri. Wewe usiliendeshe tena, lifunguliwe.

MwanaLushi_Iowa

Yaya, niko Oklahoma City, nimetoka Laredo na robo tatu ya tenki. Nilipakia kabla sijasoma uzi huu. Hapa ni nyuzi 4. Kesho usiku nitalala kaskazini ya Iowa, wanasema hasi 24. Nifanye nini?

MtuWaTunduma

Uko salama, bado nta haijatoka. Tia dawa sasa hivi usiku huu, kipimo cha matenki yaliyojaa, si cha mafuta yaliyobaki. Kisha jaza juu yake. Fungua koki chini ya kikombe cha kutenga maji, acha itiririke mpaka itoke dizeli tupu, maana maji yaliyomo yatakuwa barafu kesho, na barafu inaziba kama nta. Endesha, tumia mafuta, kisha Des Moines jaza tena ya huko, uliza kama imechanganywa. Nunua filta mbili za akiba, chupa moja ya dharura, na ufunguo wa filta. Viweke ndani ya kebini, si kwenye boksi la nje. Na blanketi.

Ukiamka niandikie.

MwanaLushi_Iowa

Ni saa kumi na mbili asubuhi, Clear Lake, Iowa. Hasi 25. Imewaka mara ya kwanza, moshi mweupe kidogo ukaisha. Oili imepanda. Maji nilitoa nusu kikombe jana, sikujua yalikuwemo. Naingia barabarani polepole.